Kurasa Mbili za Duka Moja

Wasomaji wengi wa gazeti letu hili, pamoja na wazazi wetu, wamepata kuona duka lisilo na mlango wala kaunta, yaani tovuti ya biashara. Mteja hulitembelea kwa simu yake, akatazama picha za vitu na bei zake, na akipendezwa huagiza na kulipa palepale alipo. Mwenye duka la aina hii ana shida moja asiyokuwa nayo mwenye duka la mtaani: hamwoni mteja wake usoni. Muuza duka wa mtaani humwona mteja akishika kitambaa, akikunja uso asikiapo bei, kisha akaenda zake. Basi kesho aweza kubadili maneno yake au kupanga vitu vyake upya. Mwenye tovuti huona hesabu tu: leo wamekuja watu 40, walionunua ni wawili. Wale 38 waliondoka kwa sababu gani? Hakuna hata mmoja aliyesema.

Hapo ndipo ubishi huanza. Mmoja husema picha ni ndogo, wa pili asema kitufe cha kununulia kiwe chekundu, wa tatu asema maneno yamezidi. Kila mmoja asema kwa uhakika kama aliyeulizwa na wateja wenyewe, na aghalabu neno lishikwalo ni la yule mwenye cheo au mwenye sauti kubwa. Nataka kueleza njia ya kuukata ubishi huo, ambayo wataalamu huiita jaribio la A na B. Njia yenyewe ni hii: hutengenezwa kurasa mbili, ukurasa A na ukurasa B, nazo hutolewa kwa wakati mmoja, nusu ya wageni, waliochaguliwa kwa kura, huonyeshwa A, na nusu ya pili huonyeshwa B, kisha huhesabiwa ni upande upi ulio na wanunuzi wengi zaidi. Maelezo ni mafupi, lakini kila neno lililomo lina kazi yake, na likiachwa moja jaribio zima laharibika.

Nianze na maneno "kwa wakati mmoja", maana hayo ndiyo yapuuzwayo zaidi. Mama yangu mdogo akaa Muheza, mkoa wa Tanga, naye huuza viungo vitokavyo milima ya Usambara ya Mashariki: iliki, mdalasini, karafuu na pilipili manga, katika vipakiti vidogo. Mwaka jana alikopa shilingi 350,000 katika kikoba chao, akamlipa fundi mmoja amtengenezee tovuti, na deni hilo amelilipa kwa taabu. Mwanzoni mwa mwaka huu fundi aliubadili ukurasa wa kwanza, akatia rangi mpya na picha kubwa. Mwezi uliotangulia yalikuwa yamepatikana maagizo 14. Mwezi uliofuata yakafika 31. Nyumba nzima ilifurahi. Fundi akasifiwa, naye akaomba shilingi 350,000 nyingine ili aubadili na ukurasa wa malipo.

Lakini mwezi ule wa maagizo 31 ulikuwa mwezi wa Ramadhani! Nani asiyejua jinsi iliki na mdalasini vitakiwavyo mwezi huo kwa chai na uji wa futari, na kisha kwa pilau ya Idi? Baada ya Idi maagizo yalishuka yakawa 12. Je, rangi mpya ilisaidia, au ilidhuru, au haikufanya lolote? Haiwezekani kujua, wala fundi mwenyewe hajui, kwa kuwa ukurasa wa zamani haukuwapo mwezi ule wa Ramadhani tupate kuulinganisha na huo mpya. Mtu alinganishaye jana na leo hulinganisha mambo mengi kwa mara moja: rangi, sikukuu, mvua, siku za mishahara, hata bei ya karafuu. Kurasa mbili zikitolewa pamoja, Ramadhani huzipata zote mbili, na mvua huzinyeshea zote mbili. Kinachobaki kuwa tofauti ni kurasa zenyewe.

Wazo hili la kuweka mambo mawili sambamba halikuzaliwa na intaneti. Mwaka 1747 tabibu mmoja wa Uingereza, James Lind, alikuwa katika merikebu ya vita iitwayo Salisbury, na mabaharia walikuwa wakiugua kiseyeye, ugonjwa uozeshao ufizi na kuua watu wengi baharini siku zile. Kila mtu alikuwa na dawa yake aisifuyo. Lind akachukua wagonjwa 12 ambao hali zao zilifanana kadiri alivyoweza kuona, akawalaza mahali pamoja, akawapa chakula kimoja, kisha akawagawa wawili wawili katika mafungu sita, na kila fungu akalipa dawa yake. Wawili walipewa siki, wawili maji ya bahari, na kadhalika. Na wawili walipewa machungwa mawili na limau moja kila siku. Wale wa machungwa ndio waliopona upesi. Siku ya sita mmoja wao aliweza kurudi kazini. Mimi hushangazwa zaidi na lile lililofuata: jeshi la wanamaji la Uingereza halikutoa amri ya kuwapa mabaharia wake maji ya limau mpaka mwaka 1795, yaani baada ya miaka 48. Kumbe kupata jawabu ni jambo moja, na wakubwa kulikubali ni jambo lingine.

Hata hivyo kazi ya Lind ilipungukiwa na kitu. Yeye mwenyewe ndiye aliyechagua nani apewe nini, na mtu achaguaye kwa mkono wake, hata akiwa mwaminifu, huenda akawapa dawa aipendayo wale walio na nguvu zaidi. Jambo hili lilishughulikiwa vizuri katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, Uingereza, ambako mtaalamu wa hesabu R. A. Fisher alianza kazi mwaka 1919. Wakulima wa pale walikuwa wakijaribu mbolea na mbegu katika vipande vya shamba, lakini ardhi ya shamba moja hailingani. Hapa pana rutuba, pale maji hutuama. Wanafunzi wa shule yetu walijua hili bila kusoma vitabu, kwani kila darasa latamani kupewa tuta lililo karibu na bomba. Fisher alifundisha kwamba vipande vigawiwe kwa kura. Kura haina rafiki, wala haijui kwamba tuta hili liko karibu na bomba. Huenda bahati ikatokea ikaupendelea upande mmoja, lakini upendeleo wa bahati waweza kupimwa kwa hesabu. Upendeleo wa moyo wa mtu haupimiki.

Katika tovuti kura hiyo hupigwa na kompyuta. Mgeni afikapo, kompyuta itunzayo tovuti huchagua papo hapo kama vile mtu arushaye sarafu: huyu aende A, huyu aende B. Kisha huacha alama ndogo katika simu ya mgeni, ili akirudi kesho aonyeshwe ukurasa uleule. Akiona A leo na B kesho atachanganyikiwa, na akinunua hatutajua tumhesabu upande gani. Wako watu wadhanio kwamba yatosha kutoa ukurasa A asubuhi na B jioni, au A kwa watumiao simu na B kwa watumiao kompyuta. Hayo si majaribio. Anunuaye asubuhi huenda ni mtu wa dukani aliye kazini, na anunuaye jioni ni mama wa nyumbani aliyekwisha pika. Tofauti itakayoonekana yaweza kuwa ya watu, si ya kurasa.

Mfano ujulikanao sana wa jaribio la namna hii si wa duka bali wa uchaguzi, lakini kazi ni ileile, kwa kuwa mwomba kura naye ana tovuti na hataki mgeni apite bure. Mwezi wa Desemba 2007 Barack Obama, ambaye baba yake alikuwa Mkenya, alikuwa akigombea urais wa Marekani. Ukurasa wa kwanza wa tovuti yake ulimwomba mgeni aandike anwani yake ya barua pepe, ili baadaye aweze kuombwa mchango au msaada wa kazi. Kijana mmoja, Dan Siroker, ambaye alikuwa mfanyakazi wa kampuni ya Google, alikuja kusaidia, akafanya jaribio pamoja na wenziwe. Kwa kitufe walitunga maneno ya namna nne. Moja lilisema "Jisajili", jingine "Pata habari zaidi", na mengine mawili ya jinsi hiyo. Kwa mahali pa picha walichagua picha tatu na filamu fupi tatu. Maneno manne mara vitu sita ni kurasa 24, na kila mgeni alipewa mmojawapo kwa kura. Walipita wageni 310,382, yaani wapata 13,000 kwa kila ukurasa.

Kabla ya matokeo, watumishi wengi wa kampeni waliipenda filamu moja, na kama si jaribio ndiyo ingalichaguliwa. Filamu zote tatu zilishindwa na picha zote tatu! Ukurasa ulioshinda ulikuwa na picha ya Obama pamoja na mkewe na binti zao, na kitufe kisemacho "Pata habari zaidi". Katika ukurasa wa awali waliojiandikisha walikuwa 8.26 katika kila wageni 100. Katika ukurasa huu walikuwa 11.6. Mtu aweza kusema, watu watatu na kitu katika mia, hiyo nayo ni tofauti? Lakini mpaka mwisho wa kampeni watu wapata milioni 10 walijiandikisha katika ukurasa ule. Kwa kipimo cha zamani wangalikuwa milioni 7 na laki moja hivi. Karibu watu milioni 3 walipatikana kwa kubadili picha na maneno mawili matatu ya kitufe.

Kwa nini picha ya jamaa ile ilishinda? Mimi nadhani filamu humtaka mgeni aibonyeze na kungoja, ambapo picha huonekana mara moja. Na neno "Jisajili" humwomba mtu kitu, ambapo "Pata habari zaidi" humwahidi kitu. Lakini hayo ni mawazo yangu tu. Jaribio lilituambia kilichotokea, halikutuambia sababu yake, na msomaji aweza kuwa na mawazo bora kuliko haya yangu.

Sasa nafika kwenye sehemu ambayo wengi huikimbia, nayo ni hesabu. Tuseme ukurasa A umepata wanunuzi watatu na B wanunuzi saba. Je, B ni bora? Chukua sarafu uirushe mara 10. Kupata kichwa mara 7 au zaidi hutokea wapata mara 17 katika 100, na sarafu haina ubora wowote. Basi 7 kwa 3 si ushahidi. Ni mchezo wa bahati. Lakini irushe mara 100: kupata kichwa mara 70 au zaidi hutokea wapata mara 4 tu katika 100,000. Uwiano ni uleule, saba kwa tatu, lakini wa kwanza ni uvumi na wa pili ni habari. Idadi ndiyo iliyoleta tofauti hiyo.

Basi wageni wangapi watosha? Iko kanuni itumiwayo na wataalamu ambayo mwanafunzi wa Kidato cha Pili aweza kuipiga. Chukua sehemu ya wageni wanunuao (wastani wa pande mbili kama unavyotazamia), uizidishe kwa sehemu ya wasionunua, kisha uzidishe kwa 16. Jibu uligawe kwa kipeo cha pili cha tofauti unayotaka kuiona. Utapata idadi ya wageni watakiwao kwa kila upande. Kwa kanuni hii, tofauti iliyopo kweli itaonekana mara 4 katika 5, na tofauti isiyokuwapo itatudanganya mara 1 tu katika 20. Si uhakika kamili, lakini ni afadhali mno kuliko ubishi.

Nilipokuwa likizo niliipiga hesabu hii kwa ajili ya duka la Mama mdogo. Katika wageni wake 100, wanunuzi ni watano hivi, na kwa mwezi hupata wageni wapata 300. Tuseme fundi abadili rangi ya kitufe, na rangi hiyo iongeze wanunuzi kutoka watano hadi sita katika mia. Wastani ni 0.055, mara 0.945, mara 16, ni 0.8316, gawa kwa kipeo cha pili cha 0.01, ambacho ni 0.0001. Jibu ni wageni 8,316 kwa kila upande, yaani 16,632 kwa pande zote mbili. Kwa wageni 300 kwa mwezi, Mama mdogo atangoja miezi 55! Nitakuwa nimemaliza shule, na labda nimekwisha kuwa mwalimu, kabla hatujajua kama rangi ile ilifaa.

Sasa tuseme badiliko ni kubwa, la kuweza kuongeza wanunuzi kutoka watano hadi kumi. Wastani ni 0.075, mara 0.925, mara 16, ni 1.11, gawa kwa kipeo cha pili cha 0.05, ambacho ni 0.0025. Wageni 444 kwa kila upande, jumla 888. Miezi mitatu yatosha.

Nadhani hapa ndipo wenye maduka madogo wapotezwapo. Wasikia kwamba makampuni makubwa yameuza zaidi kwa kubadili rangi, nao wakaiga rangi. Kampuni kubwa ina mamilioni ya wageni, kwa hiyo yaweza kuona hata tofauti iliyo nyembamba kama unywele. Duka dogo halina jicho hilo. Lafaa lijaribu mambo mazito tu: bei ionekane wapi, mteja aulizwe maswali mangapi, mzigo utasafirishwaje. Katika tovuti ya Mama mdogo, mteja alilazimishwa kujiandikisha na kutunga neno la siri kabla ya kununua hata kipakiti kimoja cha iliki, na nauli ya kutuma kwa basi ilionekana mwisho kabisa, alipokwisha kujaza yote. Huo tumeuita ukurasa A. Katika ukurasa B nauli yaonekana tangu mwanzo kando ya bei, na mteja huandika jina na namba ya simu tu. Fundi alikubali kufanya kazi hiyo kwa shilingi 60,000 badala ya zile 350,000, kwa kuwa hakukuwa na haja ya kubadili kila kitu.

Yako makosa mawili ya kujihadhari nayo katika kungoja. La kwanza ni kukatisha mapema. Mwenye duka hutazama matokeo kila jioni, na jioni moja aonapo upande aupendao unaongoza, husema, "Basi, tumeshinda!" Ni kama mchezo wa mpira ambao nahodha mmoja ameruhusiwa kupiga filimbi ya mwisho dakika yoyote timu yake iongozapo. Timu dhaifu kabisa yaweza kushinda mchezo wa namna hiyo. Idadi ya wageni yapasa kuandikwa kabla ya kuanza, na filimbi isipigwe mpaka idadi itimie. La pili ni kupima kwa siku zisizo kamili. Watu hununua kwa namna moja Jumatatu na kwa namna nyingine Jumamosi, na baada ya mshahara kuliko katikati ya mwezi. Basi jaribio liende kwa majuma mazima, na likiwezekana livuke mwisho wa mwezi.

Msomaji asidhani kwamba wenye elimu kubwa hawahitaji haya yote. Katika kampuni ya Microsoft, mfanyakazi mmoja wa Bing, chombo chao cha kutafutia habari katika intaneti, alitoa shauri kwamba kichwa cha kila tangazo la biashara kirefushwe kidogo kwa kuunganishwa na mstari ufuatao chini yake. Wakubwa waliliona ni shauri dogo, likalala zaidi ya miezi sita kati ya mashauri mamia. Mwaka 2012 mhandisi mmoja aliona kwamba kulijaribu ni kazi ya siku chache, akalijaribu. Baada ya saa chache mitambo ilitoa ishara ya hatari kwamba mapato yamepanda mno, maana walidhani kuna hitilafu. Hitilafu haikuwapo. Mapato yaliongezeka kwa asilimia 12, ambayo kwa Marekani peke yake ilikuwa zaidi ya dola milioni 100 kwa mwaka. Na mashauri yaliyopendwa na wakubwa je? Microsoft wenyewe wameeleza kwamba katika majaribio yao theluthi moja husaidia, theluthi moja haibadili kitu, na theluthi moja hudhuru. Katika Google na Bing yafaulayo ni kati ya 10 na 20 katika kila 100. Ikiwa watu hao, ambao kazi yao ni hiyo usiku na mchana, hukosa mara nane au tisa katika kumi, fundi wetu wa Muheza asione haya kujaribiwa.

Liko jambo moja ambalo hesabu haiwezi kulijibu, nalo ni kama jaribio lenyewe ni la haki. Mwaka 2000 kampuni ya Amazon iliuza filamu za DVD kwa bei mbalimbali kwa watu mbalimbali, kwa kura, ili kupima bei. Wanunuzi wakaja kuligundua jambo hilo walipolinganisha bei, nao wakakasirika sana, kwa maana mtu akubali kuonyeshwa picha tofauti na ya mwenziwe, lakini hakubali kutozwa zaidi ya mwenziwe kwa kitu kilekile. Mkuu wa kampuni, Jeff Bezos, alikiri kwamba lilikuwa kosa, na wanunuzi 6,896 walirudishiwa fedha, wastani wa dola 3.10 kila mmoja. Kura yenyewe ilipigwa vizuri, na mtaalamu wa hesabu asingalipata la kulaumu. Walaumiwa kwa jambo jingine kabisa.

Kadhalika uongo waweza kushinda jaribio. Fundi alishauri ukurasa B uandikwe kwa herufi nyekundu, "Vimebaki vipakiti vitatu tu!" Hapana shaka wangenunua wengi, na hesabu ingesema B ni bora, kwa kuwa hesabu hujibu lile tu iliyoulizwa: wangapi wamenunua leo? Haikuulizwa wangapi watarudi mwakani baada ya kugundua kwamba vipakiti vitatu haviishi. Mama mdogo alimtazama fundi, akaniambia mimi, "Mwanangu, chumba kizima magunia, nami niseme vimebaki vitatu?" Maneno hayo hayakutiwa, wala hayakujaribiwa.

Jaribio lilianza juma la kwanza la Juni. Nilipofunga sanduku langu kurudi shuleni, ukurasa A ulikuwa umepata wageni 152 na ukurasa B wageni 143, nao mgawanyo huo usio sawasawa haukunitia wasiwasi, kwani sarafu nayo hutoa vivyo hivyo. Karatasi yenye namba 888 imebandikwa ukutani juu ya mizani. Maagizo yakija, Mama mdogo hupima viungo, akafunga, akapeleka kituo cha basi, bila kujua agizo limetoka ukurasa upi. Hesabu ya kila upande anayo fundi, naye ameombwa asiifungue, wala asimwambie mtu, mpaka mgeni wa 888 apite. Kwa kadiri ya wageni wa mwezi, hiyo itakuwa mapema mwezi wa Septemba.